Gari Kuukuu la Mbio

Vijana hupenda mwendo. Wazee wa bara walisifu miguu myepesi, na wazee wa pwani walisifu jahazi lenye tanga jema. Vijana wa leo husifu injini. Kupenda huku si kosa, wala si jambo geni katika tabia ya binadamu. Lakini kila kipendwacho kina gharama yake, na gharama isiyojulikana mapema hulipwa kwa majuto.

Katika magari yote yanayosumbua moyo wa kijana, hakuna linaloshinda gari la mbio lililozeeka. Msomaji, hapana shaka umepata kuliona mahali fulani. Limesimama pembeni mwa uwanja wa gereji, majani yamelifikia magurudumu. Lina milango miwili, boneti ndefu, na kimo kifupi kama mnyama aliyejikunyata tayari kuruka. Zamani bei yake ilikuwa bei ya shamba. Leo mwenyewe yu tayari kuliuza kwa bei ya ng'ombe wachache. Kijana hulizunguka mara mbili, hugusa usukani, kisha huuliza: "Bei gani?" Hilo ni swali la kwanza, nalo ni jepesi. Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni hili: nani atalitunza? Insha hii yahusu swali la pili. Ili tulijibu, hatuhitaji kwenda mbali. Jibu lake limo katika historia ya nchi yetu ya chai, na katika maisha ya mtu aliyezaliwa Kericho.

Yafaa kwanza tuikumbuke nchi yenyewe. Kericho na Bomet ni nchi ya vilima na mabonde, yenye mvua karibu mwaka mzima. Mji wa Kericho uko juu kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hiyo ndiyo iliyoleta chai, na chai ndiyo iliyoleta magurudumu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipita Londiani na Lumbwa, mahali ambapo sasa huitwa Kipkelion. Mji wa Kericho ulibaki kando ya njia hiyo. Kwa hiyo kila kilichokwenda kituoni au kutoka kituoni hakikuwa na budi kuvutwa juu ya udongo wenye kuteleza. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho, haja ya kuchukua mizigo iliongezeka maradufu. Jani la chai halingoji. Likichumwa leo lazima lifike kiwandani leo, kwa maana likilala hupoteza thamani yake. Basi katika nchi hii gari bovu halikuwa aibu ya mwenyewe tu, bali lilikuwa hasara ya shamba zima.

Haja hiyo ilizaa mafundi. Miongoni mwao walikuwa Makalasinga, watu wa Punjabi ambao wengi wao walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Huko Kericho palikuwa na karakana iliyoitwa Kericho Wagon Works, ambayo jina lake lenyewe latukumbusha siku za magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mmoja wa watu wake, Puran Singh, alikuja kuheshimiwa na jamii ya Masingasinga kama mtu mtakatifu, na hekalu kubwa la dini yao lililoko Kericho leo limejengwa kwa kumbukumbu yake. Twalitaja jambo hili ili msomaji aone kuwa katika mji huu kazi ya nyundo na spana haikudharauliwa. Mkono wenye mafuta meusi ulikuwa mkono wa heshima.

Katika mji huo, tarehe 9 Februari 1932, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joginder Singh. Baba yake alikuwa ametoka Punjabi katika miaka ya 1920, naye alikuwa na gereji. Kijana alianza kazi kama vijana wote wa gereji wanavyoanza: kupokeza spana, kuosha vyuma kwa mafuta, kulala chali chini ya gari huku matope yakimdondokea usoni. Mwaka 1958 akawa mlinzi wa kwanza wa barabarani wa Royal East African Automobile Association, chama cha wenye magari cha wakati ule. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu ambao magari yao yamewaharibikia njiani. Fikiri, msomaji, mafunzo aliyoyapata katika kazi hiyo. Mtu mwingine hujifunza gari likiwa zima; yeye alijifunza kwa kuona kila siku namna magari yanavyokufa, na mahali yanapofia.

Ni mtu huyo aliyeingia katika mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nayo yalipita katika nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanjani. Magari yalikwenda maelfu ya kilomita, usiku na mchana, juu ya mawe, vumbi na tope, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, ambapo masika huanza. Ugumu wake waweza kupimwa kwa hesabu moja. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, na saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na tena yakafika saba. Mashindano ya namna hiyo hayaulizi tu gari lipi lina mbio. Huuliza gari lipi litabaki zima.

Sasa tufike kwenye mwaka 1965, maana hapo ndipo historia inapolijibu swali letu. Joginder Singh hakuwa na gari jipya la kiwanda. Alikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mojawapo ya magari ambayo kampuni ya Volvo iliyaleta Afrika Mashariki kwa mashindano ya mwaka 1964. Barabara za Safari zilikuwa zimekwisha kulipiga na kulitikisa mara moja. Hata umbo lake lilikuwa la kale. Volvo walianza kuonyesha gari la asili ya umbo hilo, PV444, mwaka 1944, na mwaka huo huo wa 1965 walikuwa wakikomesha kabisa kuyaunda magari ya PV544. Mtazamaji aliyejali sura tu angesema kuwa gari hilo ni la mzee anayekwenda sokoni, si la kijana anayetafuta ushindi.

Joginder na ndugu yake Jaswant waliondoka wa kwanza Nairobi, gari lao likiwa na namba 1 ubavuni. Walirudi wa kwanza pia. Tofauti yao na gari la pili ilikuwa kama dakika 100. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru wa Kenya, na ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kushindwa na watu wasio Wazungu. Nchi nzima ilishangilia.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa katika jambo hili watu wengi walipata funzo lisilokuwa ndilo. Walisema: "Tazama, gari kuukuu limeshinda magari mapya, basi gari kuukuu ni bora, tena ni rahisi." Neno hilo ni kweli nusu, na ukweli wa nusu hupoteza watu kuliko uongo mtupu. Gari kuukuu halikushinda kwa sababu ya ukuukuu wake. Lilishinda kwa sababu lilikuwa mikononi mwa mtu aliyekijua kila chuma kilichokuwa ndani yake. Joginder alinunua uchakavu, kisha akauondoa kwa elimu yake. Mtu asiye na elimu hiyo akinunua gari lile lile, hununua uchakavu akabaki nao.

Ukitaka kuhakikisha kuwa haikuwa bahati, tazama maisha yake yote. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1980 aliingia katika Safari mara 22, na katika hizo alifika mwisho mara 19. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Colt Lancer, akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Watu walimwita Simba wa Kenya. Alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, mwenye umri wa miaka 81. Kushinda mara tatu ni sifa kubwa, lakini mimi, niliye mwalimu, nawaambia wanafunzi wangu kuwa sifa kubwa zaidi ni ile 19 katika 22. Kushinda huweza kuwa bahati ya siku moja. Kufika ni tabia ya mtu.

Huenda msomaji akasema: "Volvo ile ilikuwa na nguvu, lakini haikuwa gari la mbio hasa, lenye boneti ndefu na kimo kifupi." Ni kweli, basi tutazame magari ya namna hiyo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 240Z, gari la mbio lenye milango miwili na injini ya silinda sita. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo akiwa na Lofty Drews. Tangu hapo jina la 240Z likaingia katika mioyo ya vijana wa Afrika Mashariki, na mpaka leo halijatoka. Lakini mwaka uliofuata, 1974, Björn Waldegård wa Uswidi alikuja na Porsche 911, gari lililokuwa na mbio kupita mengi. Aliongoza, kisha viungo vya gurudumu vikavunjika, akapoteza muda mwingi, akamaliza wa pili. Aliyempita ni yule yule mzaliwa wa Kericho, akiwa na kigari kidogo chenye nguvu chache. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Nasi twaweza kuongeza kuwa hata akijikwaa, huinuka upesi.

Hayo ni ya historia. Sasa tuyalete katika uwanja ule wa gereji wenye majani, ambapo kijana bado amesimama akilitazama gari lake la ndoto.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: gari hilo limekaa nchini muda mrefu. Kiwango cha Kenya cha KS 1515:2000 hakiruhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika ambayo umri wake umepita miaka minane. Kwa hiyo gari la mbio la miaka 20 au 30 linalouzwa Kericho au Bomet, aghalabu limekwisha kupita mikono ya watu wengi wa hapa hapa. Kila mmoja alilipenda siku ya kulinunua, na kila mmoja akafika siku ya kuliuza. Yafaa ujiulize kwa nini.

Sababu zao hazikosi kuwa miongoni mwa hizi ninazozitaja hapa.

Ya kwanza ni kutu. Katika nchi ya mvua kama yetu, kutu ndiyo adui mkubwa wa gari la kale, naye hushambulia kutoka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Magari mengi ya mbio ya zamani, pamoja na 240Z, yanajulikana sana kwa udhaifu huu. Maji huingia chini ya zulia, katika mbavu zilizo chini ya milango, na mahali shokamzoba zinaposhikana na bodi. Rangi mpya huweza kupakwa juu ya kutu ikang'aa kama kioo, na chini yake bati likawa jembamba kama karatasi. Gari la namna hiyo likigongwa, haliwezi kumlinda aliye ndani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ya pili ni mpira. Watu hudhani kuwa gari lililosimama halichakai. Kumbe mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Mipira ya breki, mabomba ya maji, vifungio vya mafuta na matairi yenyewe hukauka na kupasuka. Tazama ubavu wa tairi: utaona tarakimu nne zinazoonyesha lini liliundwa. Mbili za kwanza ni za juma, mbili za mwisho ni za mwaka. 2314 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi laweza kuwa na meno marefu kama jipya, na umri wa mzee. Katika kona ya barabara iliyolowa, umri ndio unaojibu, si meno.

Ya tatu ni breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yakikaa miaka mingi bila kubadilishwa, maji yaliyomo hufanya kutu ndani ya mitambo. Tena breki zikipata moto katika mteremko mrefu, maji hayo hugeuka mvuke, na mguu wa dereva hukanyaga pedali isiyo na nguvu. Gari la mbio huenda upesi kuliko mengine, kwa hiyo lahitaji breki bora kuliko mengine. Na gari lililozeeka aghalabu lina breki mbaya kuliko mengine. Hapo ndipo hatari ilipo.

Ya nne ni joto la injini. Rejeta iliyoziba kwa uchafu, pampu ya maji iliyochoka, na gasketi ya kichwa iliyoungua ni magonjwa yanayofuatana kama ndugu. Dalili zake si ngumu kuzijua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa imepata moto waonyesha kuwa huenda maji yanaingia katika silinda. Povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha mafuta huweza kuonyesha kuwa maji na mafuta yamekutana. Moshi wa samawati waonyesha kuwa injini yala mafuta, yaani pistoni na silinda zimelika, au vifungio vya vali vimechakaa. Injini nyingine huendesha vali zake kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo ukikatika katika injini nyingi, vali na pistoni hugongana, na injini nzima huharibika katika dakika moja. Muulize mwenye gari ni lini mkanda ulibadilishwa. Asipojua, hesabu kuwa haujabadilishwa.

Ya tano yahusu mahali petu. Katika kimo cha mita 2,000, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja katika tano. Magari ya kale yenye kabureta huchanganya petroli na hewa kwa kipimo kilichowekwa na mtu. Kabureta iliyopimwa pwani, ikiletwa Kericho, huimwagia injini petroli zaidi kuliko hewa inayopatikana. Plagi huwa nyeusi, nguvu hupungua, na petroli huliwa bure. Fundi anayejua hili huliponya kwa saa chache. Fundi asiyejua hubadilisha kifaa hiki na kile, na kila kifaa chatoka mfukoni mwako.

Ya sita ni vipuri. Gari la kawaida likivunjika kioo cha taa, utakipata mjini siku hiyo hiyo. Gari la mbio la kale likivunjika, huenda kifaa chake kikatoka Ulaya au Japani, kikapanda ndege, kikalipiwa ushuru, nawe ukangoja miezi. Pengine kifaa hakiundwi tena popote, hata ikapasa kichongwe na fundi wa mashine. Bei ya vipuri haishuki pamoja na bei ya gari. Gari lililouzwa kwa bei kubwa sana lilipokuwa jipya, bado vipuri vyake vina bei ya enzi yake, hata kama lenyewe sasa lauzwa kwa bei ya ng'ombe. Watu wengi wameangukia shimo hili, kwa sababu waliihesabu bei ya kuingia, wasiihesabu bei ya kukaa.

Msomaji, sasa waona kuwa jambo hili si mchezo wa vijana tu. Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet fedha hutoka katika chai. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa majani anayoyapeleka, kisha mara moja kwa mwaka hupata malipo ya pili, ambayo watu huyaita bonasi. Siku za bonasi ndizo siku za ada ya shule, za bati la nyumba, za ng'ombe wa maziwa. Ndizo pia siku ambazo wauzaji wa magari huja na maneno matamu. Bonasi ni jasho la mwaka mzima la baba na mama walioinama mashambani katika mvua. Ikitumbukia katika gari lisilotembea, mwaka mzima umetumbukia pamoja nayo. Na mtoto aliyekosa ada hawezi kuambiwa kuwa gasketi ya kichwa iliungua.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko fedha. Barabara zetu hupanda na kushuka, na kandokando yake kuna masoko na shule. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori moja liliacha njia likawaendea watu waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya 50. Nchi nzima iliomboleza. Lori si gari la mbio, lakini funzo ni moja: gari lililotoka katika utawala wa dereva haliwi tena mali ya mtu mmoja, huwa msiba wa wote. Mwenye kununua gari asiloweza kulitunza hachezi na nafsi yake peke yake.

Je, basi, tuseme kuwa gari kuukuu la mbio lisinunuliwe kamwe? Sisemi hivyo. Kama ningesema hivyo, ningempinga Joginder Singh mwenyewe, naye alinijibu kabla sijazaliwa. Nasema kuwa linunuliwe jinsi yeye alivyonunua, yaani kwa macho ya fundi.

Mtu mwenye macho hayo hufanya mambo haya. Huenda kulitazama gari mchana, katika jua, kavu, kwa maana giza na maji huficha makosa ya rangi. Hutaka kuiona injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyokwisha kuwashwa na mwenyewe huficha ugonjwa wa kuwaka kwa taabu. Huinua zulia na kugonga bati kwa kidole, asikilize. Huingia chini ya gari hata kama amevaa shati jeupe. Hulinganisha namba ya fremu na ile iliyoandikwa katika hati ya umiliki, kwa kuwa gari lisilo na hati safi ni kesi, si gari. Hufuatana na fundi aliyemchagua mwenyewe, wala si yule aliyeletwa na muuzaji. Huuliza kuhusu vipuri kabla hajauliza kuhusu mbio. Na fedha zake huzigawa mafungu mawili: fungu la kununua, na fungu la kutengeneza katika mwaka wa kwanza. Asipokuwa na fungu la pili, hujua kuwa hana hata la kwanza.

Akisha kulinunua, huanza na vitu vya kusimamisha kabla ya vitu vya kukimbiza: breki, matairi, usukani, kisha ndipo injini. Kijana mpumbavu hugeuza mpango huu. Hununua bomba la moshi lenye kelele kwanza, akasikika mji mzima akielekea gereji.

Wanaotunza magari ya kale kwa moyo huo wapo, na kazi yao huonekana. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na mshindi wa kwanza, Rob Collinge wa Kenya, alitumia Datsun 260Z, ndugu mdogo wa ile 240Z. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård, yule yule ambaye Porsche yake ilivunjika mwaka 1974. Alikuwa na umri wa miaka 68, na kando yake katika gari aliketi mwanawe, Mathias. Gari aliloliendesha lilikuwa Porsche 911. Ilikuwa imepita miaka 37, na alichokikosa ujanani alikipata uzeeni, kwa gari la jina lile lile. Ni habari ya kupendeza, lakini usisahau kuwa nyuma ya mzee yule walikuwako mafundi walioliweka gari tayari, na kila usiku walilala chini yake wakilikagua, wakati wengine wamelala vitandani.

Basi, kijana, ukilipenda gari kuukuu la mbio, usilione haya pendo lako. Lakini kabla hujatoa fedha, nenda gereji ukafanye kazi. Shika spana. Fungua kabureta, uisafishe, uirudishe, uone kama injini itawaka. Jifunze kusikia sauti ya beringi inayokufa, na kunusa harufu ya klachi inayoungua. Ukiona kazi hiyo yakuchosha upesi, umepata jibu lako bila gharama: ulichokipenda ni kuonekana, si gari. Ukiona yakufurahisha, umekwisha kuwa na kitu ambacho muuzaji hawezi kukuuzia kwa bei yoyote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Joginder Singh wa Kericho aliziba nyufa zake usiku, mmoja mmoja, kwa mikono yake. Ndiyo maana asubuhi, wengine walipokuwa wakitembea kwa miguu kutafuta msaada, yeye alikuwa bado yu njiani.